Miaka mitatu na gari la kifahari la porini lenye springi za hewa: uzoefu wangu

Nililinunua gari hili likiwa limekwisha kutumika, la dizeli, injini ya lita 3, lenye springi za hewa, yaani mifuko ya mpira iliyojazwa hewa badala ya springi za chuma, kwenye magurudumu yote manne. Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikilitumia mjini Arusha siku za kazi na kwenda nalo Karatu, Ngorongoro na Serengeti kila familia inapopata nafasi. Kampuni iliyolitengeneza sitaitaja, kwani ninayoyaeleza yanahusu tabia za magari ya aina hii kuliko jina lililobandikwa kwenye boneti.

Kilichonishangaza mwanzoni ni kwamba gari hurusha zaidi mtaani kuliko safarini. Katika mwendo wa kilomita 20 au 30 kwa saa, juu ya viraka vya lami na mashimo yenye kingo kali, kila kishindo kilikuwa kikipanda hadi kwenye kiti, lakini likifika barabara ya Makuyuni na kushika kilomita 80 linatulia kiasi kwamba watoto huwa wameshalala kabla hatujaiona Mto wa Mbu. Kwa miezi kadhaa nililaumu springi. Fundi wangu, mzee asiyependa maneno mengi, alitazama magurudumu akaniuliza kwa nini gari la porini limevalishwa viatu vya harusini.

Alikuwa na haki. Rimu zilikuwa za inchi 20, na tairi zake zilikuwa na ubavu mfupi usio na nafasi ya kubonyea, hivyo kazi ambayo ingefanywa kwanza na tairi ilikuwa inaachiwa springi peke yake. Isitoshe, rimu na tairi ni mzigo usiobebwa na springi: kadiri unavyozidi kuwa mzito, ndivyo gurudumu linavyochelewa kurudi chini baada ya kuruka shimo. Nilihamia rimu za inchi 18 na tairi zenye ubavu mrefu, baada ya kuhakikisha kwamba zinapita bila kugusa kalipa za breki, jambo ambalo si kila gari la aina hii linaliruhusu. Ule ugumu wa mtaani ulipungua sana kwa badiliko hilo moja, ingawa kwa haki ni lazima niseme kwamba usukani sasa ni mzito kidogo kujibu, na kwenye lami tairi hizi zinavuma.

Upepo nao una neno. Wajaza upepo wengi hukujazia PSI 40 (kipimo cha upepo wa tairi) bila kuuliza, wakiamini kwamba gari kubwa linataka upepo mwingi. Mimi hubaki na 34 mjini, nikashusha hadi 28 kwenye barabara ya vumbi, na hubeba pampu ndogo ya kurudishia kabla ya kukanyaga lami tena, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo hupata joto kali katika mwendo wa kasi.

Sehemu inayochosha kuliko zote ni ile baada ya kushuka ukingo wa Ngorongoro kuelekea Naabi, lango la kuingilia Serengeti, ambako barabara imejipanga vijimatuta kama bati la nyumba. Madereva wengi hujua kwamba ukiongeza mwendo gari huanza kuelea juu ya vijimatuta hivyo na mtikisiko hupungua, ila wakati huohuo tairi hugusa ardhi kwa kudonoa tu, na breki na usukani hupoteza nguvu. Ndani ya Serengeti kikomo cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo njia hiyo ya mkato haipo kihalali. Gari langu lina kituko chake hapohapo: nikilipandisha juu kwa ajili ya mawe, springi zinajaa hewa na kuwa ngumu zaidi, na nikivuka kilomita 50 linashuka lenyewe bila kunishauri. Nimejifunza kuliacha kwenye kimo cha kawaida na kwenda polepole, huku Land Cruiser za watalii zikinipita na kuniachia vumbi.

Vituko vingine ni vya kuchekesha. Mlango ukiwa wazi mfumo wa kurekebisha kimo cha gari husimama, kwa hiyo tukimaliza kupakia mizigo na kufunga, gari hujiinua nyuma kwa mlio mrefu. Usiku nalo hujisawazisha lenyewe uani likitoa pumzi, na mlinzi wetu mpya aliwahi kulizunguka na fimbo akitafuta nyoka uvunguni. Mama mkwe, kwa upande wake, hana malalamiko, kwa sababu nikibonyeza swichi gari linapiga magoti naye anapanda bila kusumbuana na kitenge chake.

Ubovu wa kweli nimekutana nao mara moja. Asubuhi moja kona ya mbele kushoto ilikuwa imekaa chini, nyingine zikiwa juu. Fundi alipaka maji ya sabuni kwenye mfuko wa hewa, na mapovu yakatokea pale mpira unapojikunja, ambapo vumbi lilikuwa limeusaga hadi ukapasuka. Mfuko ukivuja, kompresa, yaani pampu inayojaza hewa kwenye mifuko, hufanya kazi bila kupumzika ili kufidia, na ukichelewa nayo huungua. Duka la kwanza liliniuzia mfuko ulioitwa mpya ambao haukumaliza miezi minne. Wa pili niliuagiza kwa namba ya chesisi, na bado unadunda. Tangu hapo, kila baada ya safari ya vumbi, huiosha mikunjo hiyo ya mpira kwa maji yasiyo na presha kubwa.

Ningenunua tena? Ndiyo, lakini nisingelipa pesa kabla ya kuliegesha gari mahali pa tambarare jioni, nikapima kwa futi kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kisha nikarudi asubuhi na futi ileile kabla muuzaji hajaliwasha.