Nililipia WAV, nikapewa MP3 iliyovimbishwa

Ninaandika nikiwa bado na hasira, na sitaificha, maana ndiyo iliyonikalisha chini. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikinunua nyimbo ninazozipiga kwenye harusi na kumbi za Dar es Salaam, wakati wenzangu wengi wanapakua bure kwenye blogu au wanachuja sauti kutoka kwenye video za YouTube. Sijawahi kuwalaumu sana, kwa kuwa najua malipo ya shughuli moja wakati mwingine hayafiki hata gharama ya kukodi spika. Mimi nilichagua kulipa, kwanza ili aliyekesha studio apate chake, pili ili nikisimama mbele ya watu niwe na sauti ambayo hakuna atakayeitilia shaka. Hilo la pili ndilo nililonyang'anywa.

Duka la mtandaoni ninalolizungumzia ni la nje ya nchi, nasi ma-DJ tunalifahamu. Silitaji jina kwa sababu mazungumzo yetu bado hayajafungwa. Kwa muda mrefu lilikuwa la kwanza kulifungua nikitafuta amapiano mpya, na kila nilipoulizwa na vijana wanaoanza kazi hii mahali pa kununua muziki kihalali, nililitaja bila kusita.

Ilikuwa harusi ya Mbezi, si zamani. Chakula kilikuwa kimeliwa na MC alikuwa amenikabidhi ukumbi ili watu wacheze. Niliweka wimbo niliokuwa nimeununua usiku wa kuamkia siku hiyo, wimbo wa Afrika Kusini wa karibu dakika saba, ambao nilikuwa nimeulipia nyongeza ili niupate kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, badala ya MP3, ambayo hubanwa iwe ndogo kwa kutupa sehemu ya sauti. Besi iliingia vizuri. Manyanga yalipoanza nilijua kuna kasoro, kwani badala ya ule mchakacho mkavu unaowainua watu vitini nilisikia kitu kilicholowa, kama mchanga unaopepetwa ukiwa na maji, na kila pigo likivuta nyuma yake mkia wa sauti isiyoeleweka. Wimbo uliotangulia, kwenye spika zilezile na kwa kiwango kilekile cha sauti, ulikuwa safi kabisa.

Fundi mitambo wa ukumbi ule ni mzee aliyeanza kazi hii enzi za kanda. Alinijia nyuma ya meza, akainama sikioni mwangu na kuniuliza kwa upole, "Mwanangu, huu umeutoa YouTube?" Nilimjibu, "Hapana, Mzee, nimeununua." Alinitazama kidogo, hakusema neno, akarudi kwenye mitambo yake. Mpaka leo sijui kama aliniamini, na hilo linaniuma kuliko fedha niliyotoa.

Niliporudi nyumbani sikulala. Nililifungua faili lile kwa Spek, programu ya bure inayochora sauti kama picha, muda ukienda kwa upana na masafa, yaani kutoka sauti nzito hadi nyembamba, yakipanda kwa urefu. WAV ya kiwango cha CD inaweza kubeba masafa mpaka karibu kilohezi 22. Picha ya wimbo wangu ilikatika kwenye kilohezi 16, mstari mnyoofu kana kwamba umepigwa kwa rula, na juu yake giza tupu kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Ni kweli kwamba rekodi za zamani za rumba au taarabu zilizohamishwa kutoka kwenye kanda nazo huwa hafifu huko juu, lakini hizo hufifia polepole, hazikatwi kama kwa kisu. Tena wimbo huu ni mpya. Mkato wa aina ile ni alama ambayo wengi tunaifahamu ya MP3 iliyobanwa mpaka kilobiti 128 kwa sekunde. Ni kweli vilevile kwamba watu wazima wengi hawasikii vizuri masafa ya juu kiasi hicho. Hata hivyo, kinachoharibika katika mbano mkali ni zaidi ya yale yaliyokatwa juu, kwa maana hata yanayobaki chini ya mstari huchafuka, hasa sauti fupifupi kama za manyanga na matoazi, na spika kubwa za ukumbini hazimsitiri mtu.

Mtu yeyote anaweza kuichukua MP3 kama hiyo na kuigeuza kuwa WAV. Faili litakua zaidi ya mara kumi, lakini kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi tena. Faili langu lilizidi megabaiti 70, ilhali muziki uliokuwamo ungeweza kukaa kwenye megabaiti 7. Nililipa bei ya wimbo, nikalipa nyongeza ya ubora, kisha nikalipa kifurushi cha intaneti ili kuvuta utupu hadi nyumbani kwangu.

Niliwaandikia kwa adabu, nikaambatisha ile picha pamoja na picha ya wimbo mwingine uliokuwa mzima ili walinganishe. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa. Liliniambia kwamba hakuna mteja mwingine aliyelalamikia faili lile, na kwamba huenda vifaa vinavyopatikana katika eneo langu haviwezi kuonyesha ubora wake. Katika eneo langu! Picha zangu hazikugusiwa hata kwa nusu sentensi. Aliyeandika hakujua ni spika gani zilizopiga usiku ule, hakujua natumia mitambo gani, wala hakuuliza. Alichokijua ni nchi ninakotoka, na hiyo ilimtosha kuamua kwamba kasoro iko kwangu. Nimeisoma barua ile mara nyingi kuliko inavyostahili.

Nilipowaandikia tena, safari hii kwa ukali, walinirudishia fedha, si kwenye kadi bali kama salio la kununulia dukani kwao, na wakaeleza kwamba mafaili huletwa na lebo na wasambazaji, wao hawayasikilizi moja moja. Hapo nataka kuwatendea haki. Inawezekana kabisa kwamba aliyeivimbisha MP3 ile ni msambazaji, au hata msanii mwenyewe aliyepoteza faili la asili. Pia nyimbo nyingine nilizonunua hapo nimezipima zote baada ya tukio hili, na nyingi ni nzima. Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota mbili na kuwashauri wasomaji wanunue hapo kwa tahadhari, wapime kila faili kabla ya shughuli. Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyojiuliza: kama hawalisikilizi faili wala hawalipimi, ile nyongeza ya WAV wanaitoza kwa kazi gani?

Kwa sasa sehemu kubwa ya ununuzi wangu nimeihamishia Bandcamp, ambako baada ya kulipa ninachagua mwenyewe kama nataka MP3 au aina zisizopoteza sauti, yaani FLAC, WAV au AIFF, na ninaweza kurudi kupakua tena kompyuta ikiharibika. Wanachukua asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali, na tangu Machi 2020 wamekuwa na Ijumaa maalumu ambazo huiacha sehemu yao hiyo iende kwa wasanii. Singeli ya kwetu niliipata humo kupitia Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala, na inaniuma kwamba muziki wa mitaa yangu ninaununua kwa kupitia Uganda, ingawa ninawashukuru waliouweka mahali ambapo mtu anaweza kuulipia. Bongo Fleva ni shida zaidi. Nyimbo nyingi ninazozitafuta nazikuta kwenye programu za kusikiliza tu, ambazo faili lake hufungiwa humohumo na haliwezi kuhamishiwa kwenye flashi ya DJ. Hizo huwa namwomba mtayarishaji anitumie WAV kwa barua pepe, namlipa kwa simu, na mpaka sasa hakuna aliyewahi kunitumia kitu kilichovimbishwa.

Kabla ya kuandika aya hii nililifungua tena duka lile. Salio langu lipo. Wimbo ule nao upo, bado umeandikwa WAV, bado una nyongeza ya bei, na nimeusikiliza tena kionjo chake kwa spika zangu za nyumbani, manyanga yakiwa yaleyale yaliyolowa. Nyota ya pili nimeiondoa.