Kipimajoto cha kulenga kwenye Coaster inayochemsha: uzoefu wangu Malindi

Kama una basi kuukuu lililogeuzwa kazi nyingine na linachemsha, nunua kipimajoto cha kulenga, kile kinachosoma joto la kitu kwa mbali bila kukigusa, kabla hujanunua spea yoyote. Nasema hivi baada ya kukitumia msimu mzima wa kaskazi, wakati ambapo Malindi hata kivulini hukai. Changu ni cha kawaida kabisa: umbo la bastola, betri moja ya volti 9, doa jekundu la leza la kulengea, na bei yake haikufika shilingi elfu tatu. Mafundi wa friji wanavyo siku zote. Wa magari wengi bado wanapima joto kwa kugusa mpira wa rejeta, kile kipoza maji ya injini, na kuvuta mkono haraka.

Basi lenyewe ni Toyota Coaster yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita. Zamani ilibeba abiria, sasa ni jiko. Viti vilitolewa, zikaingia meza za chuma, majiko ya gesi na tangi la maji, na tunapikia harusi na maulidi kuanzia Watamu hadi Marafa. Injini ya Coaster iko mbele, chini ya kifuniko kilicho kati ya dereva na anayekaa pembeni yake. Seremala aliyetutengenezea kabati alikizungushia kifuniko hicho mbao na sponji ili joto na kelele visiingie jikoni. Kazi yake ilipendeza machoni. Injini ndiyo iliyokosa pa kupumulia.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Kwenye lami ya kwenda Mombasa, mwendo wa themanini, mshale wa joto umetulia katikati. Ukiingia msongamano wa mjini, au ukikata barabara ya Kakoneni kwa gia ndogo na tangi limejaa, mshale unapanda na harufu ya kulenti, maji ya kupozea injini, inaingia ndani. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Gereji moja iliitoa thamostati, vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi ya joto haihitaji kitu hicho. Nyingine ilitaka kufungua silinda hedi, sehemu ya juu ya injini, siku hiyo hiyo, bila kupima chochote.

Hili la thamostati naomba niliseme wazi, kwa sababu linaharibu injini za watu. Thamostati nyingi za dizeli zina kisahani cha chini ambacho, injini ikipata moto, huziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ulitaka kupoza, umepunguza kupoza. Tuliirudisha mpya kabla ya kitu kingine, la sivyo vipimo vyote vingekuwa vya uongo.

Aliyenifundisha kukitumia kipimajoto ni fundi mmoja mtu mzima pale Barani. Kwanza aliuliza linachemsha wapi, nikamweleza. Akaniambia, "Mwanangu, gari likichemsha likienda taratibu, tafuta upepo. Likichemsha mbioni, tafuta maji." Maana yake ni kwamba ukiwa mbioni, upepo wa barabarani wenyewe unapita kwenye rejeta, feni haina kazi kubwa. Ukisimama, upepo wote unategemea feni. Kwa hiyo gari linalopona mbioni, mshukiwa wa kwanza ni feni na kila kinachoizunguka. Linalochemsha mbioni, tazama rejeta iliyoziba, pampu ya maji, au mpira wa chini unaonyonywa hadi kujibana.

Tukalizungusha mjini hadi likapata moto, tukaliacha likinguruma mahali pamoja. Nikalenga mpira wa juu wa rejeta, pale maji yanapoingia: nyuzi 97. Mpira wa chini, yanapotoka: 93. Nyuzi nne tu. Maji yanaingia moto na kutoka moto, rejeta haijayapunguzia kitu. Kisha nikapitisha doa la leza kwenye uso wa rejeta, safu kwa safu, kutoka juu hadi chini. Rejeta iliyoziba huonyesha mabaka ya baridi, mahali ambapo maji ya moto hayafiki. Yetu ilishuka polepole bila baka hata moja. Mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kupozea, yalikuwa yameliwa na chumvi pembezoni, kama ilivyo kwa gari lolote linalolala karibu na bahari na kupita Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, lakini mirija ilikuwa inapitisha maji.

Injini ikazimwa, funguo ikatolewa. Fundi akaisukuma feni kwa kidole. Ilizunguka, ikazunguka tena, nyepesi kabisa. Hapo ndipo jibu lilipokuwa. Feni ya 1HZ haikufungwa moja kwa moja kwenye shafti, katikati yake kuna klachi iliyojazwa mafuta mazito ya silikoni. Mbele ya klachi kuna utepe wa metali mbili unaohisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Hewa ikipata moto, utepe unajikunja na kufungua kijitundu, silikoni inaingia kati ya sahani, na feni inashikwa kuzunguka kwa nguvu. Injini ikiwa ya moto, ukiisukuma kwa mkono inatakiwa igome. Yetu silikoni ilikwisha vuja. Ukitazama kwa karibu uliona mistari myeusi ya mafuta na vumbi ikitoka katikati kuelekea kwenye mapanga.

Nikalenga pia mbao za seremala kwa ndani: sabini na kitu. Hewa ya moto ilikuwa inapita kwenye rejeta na kukwama mle mle. Na kava ya feni, lile duara linalobana hewa yote ivutwe kupitia rejeta, lilikuwa limetolewa ili sponji ipate nafasi. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni, iliyo rahisi kwake.

Matengenezo yalikuwa klachi mpya, kava kurudishwa mapanga yakiwa nusu ndani yake, na mbao kukatwa chini na nyuma hewa ipate pa kutokea. Sasa likinguruma mchana wa jua kali, mpira wa juu unasoma 88 na wa chini 78. Feni ikishika unaisikia mvumo wake kabla hujatazama chochote.

Kipimajoto kina udhaifu wake. Hakisomi ndani ya kitu, kinasoma uso tu, kwa hiyo maji yaliyo ndani ya mpira huwa moto zaidi kidogo ya namba unayoiona. Kwenye bati au aluminiamu inayong'aa kinadanganya, kinasoma chini mno. Dawa ni kubandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, kukiacha kipate moto, na kulenga hapo. Leza nayo ni ya kuelekezea tu. Changu kina uwiano wa 12 kwa 1, yaani ukisimama sentimita 60 kinasoma duara la sentimita 5, ukirudi nyuma kinachanganya mpira, bati na hewa. Sogea karibu, mikono na mikono ya kanzu mbali na feni. Gaskiti ya silinda hedi, ile inayoziba kati yake na injini, hakiwezi kuipima. Hiyo unaitafuta kwa mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, ukiwa umefungua kifuniko injini ingali baridi. Ya moto usiifungue kabisa, mvuke wake unababua uso.

Kwa feni za umeme kimesaidia pia. Jirani ana basi alilogeuza nyumba, lina feni mbili za umeme, moja ikizunguka kwa uvivu. Tulilenga plagi za nyaya: moja ilikuwa ya moto kupita mwenzake kwa mbali. Ndani terminali ilikuwa na kutu ya kijani ya chumvi. Kutu inazuia umeme, umeme unageuka joto pale pale, feni inakosa nguvu. Terminali ikabadilishwa, feni ikaamka.

Ninachokilalamikia ni kioo chake cha mbele, kinachopokea joto. Hakina kifuniko, na hewa ya bahari inakitia ukungu, nawe unasoma namba za ajabu. Nakifuta kwa kitambaa laini kila mara na kukihifadhi kwenye kopo la plastiki, mbali na dashibodi yenye jua. Na ndani ya kifuniko cha injini nimebandika karatasi yenye namba za basi likiwa zima, ya juu, ya chini na uso wa rejeta, ili dereva akilenga ajue analinganisha na nini.