Miezi saba na sahihi ya DKIM kwenye barua pepe za ofisi

Mgeni wetu wa Ujerumani alinitumia ujumbe WhatsApp kuuliza kama bado tunafanya kazi, maana ankara hajaiona. Nilikuwa nimemtumia siku nne nyuma. Ilikuwa imelala kwenye folda ya barua taka, pamoja na matangazo ya bahati nasibu. Ofisi yetu ni ndogo, iko Moshi, tunapandisha wageni Kilimanjaro, na mgeni asipoona ankara halipi amana. Asipolipa amana, mimi siwezi kuwaita wapagazi.

Kifurushi chetu cha hostingi kina cPanel, yaani paneli ya kusimamia tovuti na barua pepe, na ndani yake DKIM, sahihi ya kidijitali ya barua pepe, imo bila kulipia shilingi ya ziada. Miaka yote sikuwahi kuigusa. Nilidhani mhuri na nembo chini ya barua vinatosha.

Mhuri! Hapa kwetu karatasi bila mhuri si karatasi, lakini sote tunajua mhuri unachongwa mtaani ukingoja kidogo tu. Sahihi ya DKIM ni ya namna nyingine. Seva inapotuma barua inapiga hesabu ya maandishi yake pamoja na baadhi ya vichwa, kama vile nani ametuma na mada ni nini, kisha inatia sahihi kwa ufunguo wa siri ambao hautoki kwenye seva. Pacha wake, ufunguo wa wazi, unatundikwa kwenye DNS ya kikoa chako, yaani daftari la umma la jina lako la mtandaoni, mahali ambapo seva yoyote duniani inaweza kuuchota na kukagua. Mtu akibadilisha tarakimu moja ya namba ya akaunti ya benki humo njiani, hesabu haitoki. Na sahihi ya barua ya jana huwezi kuibandika kwenye barua ya leo.

Sasa usumbufu. Niliwaandikia watu wa hostingi, wakajibu kwamba rekodi ipo, nisubiri saa 48. Nikasubiri. Nikaandika tena, nikaambiwa nisubiri tena saa 48. Kumbe rekodi ilikuwepo kweli, ila kwenye DNS ya kwao, ambayo hakuna anayeisoma! Mwaka uliotangulia nilihamishia DNS ya kikoa kwenye huduma nyingine ili tovuti ifunguke haraka. SPF, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina letu, niliikumbuka, DKIM nikaiacha nyuma. Kosa ni langu, sikatai, lakini fundi wa dawati la msaada angeangalia nameserver, yaani DNS ya kikoa iko kwa nani, kabla ya kunipangia kalenda.

Nilikuja kugundua mwenyewe kwa kuiuliza DNS rekodi yetu ya maandishi (TXT), nikiandika hivi kwenye kompyuta ya Windows: nslookup -type=TXT default._domainkey, nukta, halafu jina la kikoa chetu. Jibu: hakuna kitu. Na ukurasa wa cPanel unaokagua ufikaji wa barua ulikuwa ukinionya siku zote kwamba seva ile haisimamii DNS ya kikoa changu. Sikuwahi kuufungua.

Nikanakili rekodi kuipeleka kunakohusika. Jaribio la kwanza nikapata nusu. Ufunguo wa biti 2048 ni mrefu, na kipande kimoja cha maandishi kwenye rekodi ya TXT hakizidi herufi 255, kwa hiyo ulikuwa umekatwa vipande viwili na mimi nikachukua cha kwanza tu. Sahihi ikakataliwa. Jaribio la pili nikaandika jina zima la kikoa mahali ambapo paneli inaliongeza yenyewe, nikaishia na kikoa kilichojirudia mara mbili. La tatu likakaa. Nusu saa baadaye nilijitumia barua kwenye Gmail, nikaifungua katika umbo lake la asili, nikaona dkim=pass, yaani sahihi imekubaliwa, na mbele yake jina la kikoa chetu. Nilimwita mhasibu aje kuona. Hakuelewa ninachofurahia.

Tangu hapo ankara zinafika kwenye kikasha. Sitasema ni DKIM peke yake, kwa sababu wiki hiyohiyo niliacha kutuma picha nzito za mlima. Lakini Gmail na Yahoo walikaza masharti Februari 2024. Gmail wanamtaka anayetuma barua 5,000 kwa siku au zaidi awe na SPF, DKIM na DMARC (agizo kwa mpokeaji kuhusu barua isiyothibitika) zote, na sisi wadogo angalau SPF au DKIM.

Usinunue matumaini yasiyokuwepo, hata hivyo. DKIM haifichi barua. Anayeweza kuisoma ataisoma. Haithibitishi kwamba ni mimi niliyeandika, inathibitisha kwamba kikoa chetu kimeitia sahihi. Tapeli akisajili kikoa kinachofanana na chetu kwa herufi moja, atapata dkim=pass yake safi kabisa. Na akiandika jina letu bila sahihi yoyote, DKIM peke yake haimwambii mpokeaji afanye nini. Hiyo ni kazi ya DMARC.

DMARC yetu bado iko p=none, yaani tunapokea ripoti tu bila kuzuia chochote. Ningeshaipandisha hadi quarantine, barua isiyothibitika ipelekwe kwenye barua taka, ila ripoti zimenionyesha kwamba programu yetu ya uhasibu inatuma risiti kwa jina la kikoa chetu kutoka kwenye seva zake yenyewe, bila sahihi yetu na nje ya SPF yetu. Nimewaomba wenye programu wanipe ufunguo wao wa wazi niuweke kwenye DNS. Wamejibu nisubiri.