Kumbukumbu za Brooklyn Daily Eagle: bure, ila ujue pa kuingilia

Maktaba ya Umma ya Brooklyn imeweka mtandaoni matoleo ya gazeti la Brooklyn Daily Eagle ya 1841 hadi 1955, na kuyasoma ni bure. Wengi hukwama mlangoni. Kurasa zinatumia mfumo wa Newspapers.com, na tovuti kuu ya kampuni hiyo ni ya kulipia. Pitia kiungo cha maktaba, la sivyo utaombwa ulipie kitu ambacho tayari ni bure.

Kwa anayechunguza mtaa wa Brooklyn Heights, ni vigumu kupata chanzo kinachoushinda huu. Gazeti lilianzia bondeni kwenye Fulton Street, karibu na kivuko, na mshairi Walt Whitman alilihariri kuanzia 1846 hadi 1848. Nenda moja kwa moja kwenye matangazo madogo: nyumba inayopangishwa, vyumba vyake, mpishi anayetafutwa. Yana manufaa kuliko ukurasa wa mbele.

Utafutaji ndio unaochosha. Kompyuta imesoma wino uliofifia, kwa hiyo huchanganya herufi, na neno lililokatwa mwishoni mwa mstari hulipoteza kabisa. Bana miaka kwanza, kisha tafuta jina la ukoo peke yake. Likikosekana, fungua toleo kwa tarehe usome kwa macho. Mwanamke aliyeolewa mtafute kwa jina la mumewe, likitanguliwa na Mrs. Mtaa wenyewe mara nyingi huandikwa the Heights tu. Msomaji wa hapo hakuhitaji kuambiwa ni wa Brooklyn. Ukiandika jina la barabara la leo, Cadman Plaza West, kwa mwaka 1880 hupati kitu, maana sehemu hiyo ilikuwa bado Fulton Street.

Usilichukulie gazeti hili kama shahidi asiye na upande. Lilizaliwa likiunga mkono chama cha Democratic, na lilipinga Brooklyn kuunganishwa na New York, jambo lililotimia 1898. Habari zake za mjadala huo zisome ukikumbuka hilo.

Ujenzi wa barabara kuu na Promenade, njia ya matembezi iliyo juu yake iliyofunguliwa 1950, umo kwenye gazeti. Lakini Eagle liliacha kutoka Januari 1955 kwa sababu ya mgomo wa wafanyakazi, na Brooklyn Heights ikawa eneo la kwanza la kihistoria kulindwa jijini New York mwaka 1965. Kampeni ya kuulinda mtaa katika miaka hiyo ya mwisho itafute kwenye magazeti mengine.