Chakula cha jioni juu ya mto: boti ipi uilipie, ipi uiache ipite

Jua lilipozama tu, mhudumu akawasha taa zote za ndani ya boti. Tulikuwa tumelipia meza ya dirishani, na mpaka dakika ile tulikuwa na furaha nayo. Kufumba na kufumbua dirisha likageuka kioo cha kujitazamia: nikaiona sahani yangu, uso wangu, na mgongo wa mwimbaji aliyesimama nyuma yetu. Mji ukapita nje na madaraja yake yote. Mke wangu akakinga macho kwa viganja, akabandika paji la uso kwenye kioo apate kuona walau mnara mmoja. Ukungu wa pumzi yake ukabaki pale kiooni mpaka tukafika gatini.

Sijaacha kuzipenda safari hizi. Nilichojifunza ni kwamba kinachouzwa si chakula. Chakula cha namna ile utakipata nchi kavu, kizuri zaidi na kwa pesa pungufu, kwa sababu jiko la boti ni finyu na mara nyingi chakula hupikwa ufukoni, kikaja kupashwa moto humo ndani. Unachonunua ni mahali pa kukaa: uko umbali gani na maji, umbali gani na muziki, na hatua ngapi kutoka kwenye ngazi ya kupandia sitahani. Nimezipanga aina tano kwa kigezo hicho, kuanzia ile ambayo ningeilipia kesho bila kufikiri mara mbili.

1. Boti ya wastani, chakula mezani, wapigaji wachache

Hapa nazungumzia boti ya watu mia moja hivi au pungufu, unakaa mezani kwako na chakula kinakufuata. Hakuna foleni, hakuna mtu anayepita na sahani juu ya kichwa chako. Muziki ni wa watu wawili au watatu: gitaa, fidla, kinanda, pengine akordioni. Wakipiga vizuri unawasikia bila kuacha kumsikia mwenzako aliye ng'ambo ya meza, na kwangu hicho ndicho kipimo. Boti ni sanduku la kioo na bati, sauti haina pa kutokea. Spika mbili zinazofaa ukumbi wa harusi zitaua mazungumzo ya chombo kizima.

Aina hii utaikuta kwa wingi Paris, kwenye mto Seine, na Budapest, kwenye Danube. Boti za Paris ni za chini na nyingi zina paa la kioo, kwa kuwa zinalazimika kupita chini ya madaraja mengi. Hilo ni faida kwako: ukiinua macho kutoka mezani unaliona tumbo la daraja likipita juu ya kichwa. Mnara wa Eiffel, ukishawashwa usiku, humetameta kwa dakika tano kila saa inapotimia. Kwa hiyo muulize muuzaji: saa ikitimia, boti itakuwa wapi? Anayeijua njia yake atakujibu papo hapo.

Watu wengi huhangaika kuuliza wakae kushoto au kulia. Usijisumbue. Safari nyingi za jioni hupanda mto kisha hurudi njia ileile, hivyo ulichokikosa ukienda utakiona ukirudi. Budapest ndiyo zaidi: sehemu yenye uzuri ni fupi, na boti huenda na kurudi, kwa hiyo Bunge, Kasri la Buda na Daraja la Minyororo la mwaka 1849 vinaweza kukupitia zaidi ya mara moja jioni moja. Swali la maana ni dirishani au katikati, na mbele au nyuma.

Kampuni nyingi huuza tiketi za viwango vitatu au vinne kwa safari ileile, na tofauti kubwa ya bei huwa ni kiti. Meza za omo, pale mbele kabisa, ndizo ghali kuliko zote. Ni nzuri kweli, ila mimi huridhika na dirishani katikati ya boti na kuibakiza pesa inayozidi. Ninachokikwepa ni tezi, yaani nyuma kabisa ya boti. Injini mara nyingi iko huko, na ukiweka glasi ya maji mezani utaona vijiduara vidogo vikitembea juu ya maji jioni nzima. Soma maneno ya tiketi kwa makini pia. "Meza yenye mandhari" si "meza ya dirishani". Neno dirishani lisipoandikwa, hujaliuziwa.

2. Boti ya machweo yenye muziki, halafu mkale nchi kavu

Najua wengi wangeiweka chini kwa kuwa si chakula kamili. Naiweka ya pili kwa moyo wote, na kwa mwenye bajeti ndogo ni ya kwanza. Ni safari ya saa moja au mbili, kuna vinywaji na vitu vya kutafuna, kuna mpiga gitaa au kikundi kidogo, watu wako nje sitahani muda wote. Hakuna kioo kati yako na mto.

Mto Zambezi, juu ya Maporomoko ya Victoria, umejaa boti za namna hii. Zinatoka alasiri, zinakwenda polepole, viboko wanatoa vichwa majini, na mara nyingine tembo wanashuka kunywa. Jua likishazama mnarudi. Muziki hauhitaji kuwa mwingi mahali kama hapo, na boti yenye spika kubwa huko ningeikataa hata kama ni ya bure. Mijini nako safari fupi za jioni zipo karibu kila mto unaopitika. Kisha mnashuka na kula mnapopataka, chakula kimetoka jikoni moja kwa moja, na hakuna anayewaambia muda umekwisha kwa sababu boti inahitajika kwa zamu ya pili.

3. Meli kubwa yenye jukwaa

Cairo ndiko nyumbani kwake. Meli za chakula za mto Nile huondoka na watu wengi, safari ni ya saa mbili hivi, na sehemu kubwa ya muda huo ni onyesho: mwimbaji, mcheza ngoma ya kiuno, kisha mcheza tanoura. Tanoura ni ile ngoma ya kuzunguka iliyotokana na desturi ya Masufi. Mchezaji amevaa sketi nzito za rangi, moja juu ya nyingine, anazunguka bila kusimama, sketi inapanda mpaka kiunoni, kisha anaivua ya juu huku bado anazunguka na kuiinua juu ya kichwa kama mwavuli. Ukikaa karibu, upepo wa ile sketi unakufika usoni.

Na hapo ndipo ushauri wangu unapogeuka. Kwenye meli ya jukwaa usilipie dirisha. Wakati wa onyesho watu wote wanaupa mto mgongo, na aliyeko dirishani anatazama visogo vya wenzake. Omba meza iliyo karibu na uwanja wa kuchezea, kisha onyesho moja likiisha panda sitahani kabla jingine halijaanza. Dakika kumi na tano pale juu, upepo wa Nile usiku na taa za pande zote mbili, zinatosha kukufanya usijutie.

Nimeishusha hadi nafasi ya tatu kwa sababu ubora wake hutegemea wasanii wa usiku huo, na hilo huwezi kuliona kwenye tiketi. Unapochagua, tafuta meli ambayo burudani yake ni ya mto ule. Mfano mzuri ni Natchez ya New Orleans, kwenye Mississippi. Ni meli inayosukumwa na gurudumu kubwa linalopiga maji, nayo inakwenda kwa mvuke wa kweli. Iliundwa mwaka 1975, lakini injini zake ni za mwaka 1925, zilitolewa kwenye meli ya zamani zaidi. Bendi inapiga jazi katika mji ulioizaa jazi, na kabla ya kuondoka kinanda cha mvuke kilicho juu ya paa kinapigwa mpaka mitaa ya jirani inasikia. Meli kama hiyo ina haki ya kuwa kubwa, na mimi ningeipandisha juu ya orodha yote. Jukwaa lenye nyimbo ambazo ungezisikia kwenye hoteli yoyote duniani halina haki hiyo.

4. Boti kubwa ya bufee

Bangkok, kwenye mto Chao Phraya, utaona boti hizi zikiondoka moja baada ya nyingine: ghorofa mbili tatu, taa za rangi, mwimbaji mmoja na kinanda, bufee ndefu. Bei ni nafuu, na kwa familia yenye watoto au kundi la marafiki wenye kelele zao ni jioni njema kabisa. Tatizo ni foleni. Boti ikishaondoka wote wanainuka pamoja, na mara nyingi wakati umesimama na sahani tupu ndipo hekalu la Wat Arun linapopita likiwa limemulikwa lote.

Dawa yake ni mbili. Chukua tiketi ya ghorofa ya juu iliyo wazi, hata kama bufee iko chini. Halafu ama inuka wa kwanza kabisa, ama subiri mpaka nusu ya safari, foleni ikishakatika. Mto huohuo una mashua za zamani za kubebea mpunga zilizokarabatiwa kuwa boti za chakula za watu wachache. Hizo hesabu ziko kwenye nafasi ya kwanza.

5. Boti isiyoondoka gatini

Ni mkahawa unaoelea. Hauna ubaya wowote, ila usiulipie bei ya safari. Kama tangazo halitaji muda wa kuondoka na wa kurudi, uliza waziwazi kama chombo kinatembea.

Saa ya kuondoka

Wanaojali kiti wengi husahau jua. Paris mwezi Juni jua linazama karibu saa 4 usiku. Ukinunua safari ya mapema ya saa 12 jioni, utakula, utashuka na kwenda zako, na taa hujaziona. Desemba jua hilohilo limeshazama karibu saa 11 jioni, na safari ya mapema, ambayo kwa kawaida ndiyo nafuu, inakupa giza lote unalolihitaji. Bangkok haibadiliki sana: jua huzama kati ya saa 12 kasorobo na saa 1 kasorobo hivi mwaka mzima. Kwangu tiketi bora ni ile inayoondoka nusu saa kabla ya machweo, ili uione mito miwili kwa nauli moja, wa mchana na wa usiku.

Angalia pia majira ya mto wenyewe. Seine ilifurika Juni 2016 na tena Januari 2018, maji yakapanda kiasi kwamba boti hazikuweza kupita chini ya madaraja. Danube imewahi kupungukiwa maji vibaya na imewahi kufurika. Kabla ya kulipa, tafuta mstari unaosema nini kitatokea maji yakizuia safari: kurudishiwa pesa, kuhamishiwa siku nyingine, au kuletewa chakula boti ikiwa imefungwa gatini. Hilo la tatu lipo kwenye masharti ya baadhi ya kampuni, na mimi silikubali.

Usalama

Hapa sina mzaha. Usiku wa tarehe 29 Mei 2019 huko Budapest, mvua ikinyesha, boti ndogo ya watalii iitwayo Hableány iligongwa na meli kubwa ya abiria karibu na Daraja la Margaret, ikazama kwa sekunde chache. Walikuwamo watu 35, wakanusurika 7. London, tarehe 20 Agosti 1989, boti ya sherehe Marchioness iligongwa usiku na meli ya kuchota mchanga kwenye Thames, wakafa watu 51. Baada ya uchunguzi wa ajali hiyo, vituo vya boti za uokoaji vilifunguliwa kwenye Thames mwaka 2002.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, angalia kama kampuni inataja idadi ya abiria inayoruhusiwa na kama ina kibali cha mamlaka ya usafiri wa majini. Ukiona watu wanaendelea kupakiwa wakati viti vimekwisha, shuka na udai pesa yako ukiwa gatini. Mwenye mtoto aulize jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto, na aoneshwe kwa macho.

Fika gatini nusu saa kabla, maana boti haisubiri na tiketi ya aliyechelewa kwa kawaida hairudishwi. Beba kitu cha kujifunika: hata usiku wa joto, upepo wa sitahani unauma boti ikishashika mwendo. Ukiingia, kabla hujakaa, tazama majaketi yako wapi na mlango wa kutokea ulio karibu na meza yako ni upi. Kisha mwombe mhudumu apunguze taa za upande wenu giza likiingia. Siku hizi mimi huomba kila mara, nao mara nyingi hukubali. Akikataa, wekeni leso mezani mpande juu.