Mpini wa kisu: mninga kwanza, mpingo baadaye

Mwaka jana mwezi wa tatu, mvua za Mbeya zikiwa bado nzito, nilinunua vipande vya mpingo Mwanjelwa, 15,000 kimoja, urefu wa kiganja. Kaka yangu anafua visu kwa springi za gari huku Uyole, na kutia mipini ni kazi yangu. Vilitoka vizuri mno: vyeusi, vizito, ribiti za shaba zinameremeta. Mwezi wa nane, upepo mkavu wa kipupwe ulipokaza, mama lishe mmoja akanirudishia chake. "Mwanangu, kisu chako kinanichana mkono." Nikapitisha kidole. Chuma cha mkia, kile kinachoingia katikati ya mpini, kilikuwa kimechomoza kuupita mti, unene wa ukucha, juu na chini, na ribiti nazo zimesimama. Chuma hakikui. Mti ndio ulionywea, kwa sababu niliuziwa mbichi.

Kwa hiyo sitawachosha na habari za rangi wala ugumu. Hivyo kila mtu anaviona mwenyewe dukani. Ulizia ukavu. Mafundi huhesabu mwaka mmoja wa kukausha hewani kwa kila inchi ya unene, na mpingo huchelewa kuliko hapo. Muuzaji atakuambia, "Huu ulikatwa zamani, dada." Inawezekana ulikatwa zamani kweli, lakini gogo lililala zima nje likinyeshewa, likapasuliwa juzi. Ndani bado maji.

Dawa yake ni mizani ya jikoni. Pima kipande, andika uzito kwa penseli kwenye kichwa cha mti, weka ndani pasipo jua, pima tena kila wiki. Uzito ukiendelea kushuka, usikiguse kwa msumeno. Uking'ang'ania pale pale wiki kadhaa, kimekuwa tayari.

Kwa kigezo hicho, namba moja yangu ni mninga, na sibadilishi. Hunywea kidogo sana, ndiyo maana maseremala wanaupendea milango. Ni mwepesi mkononi, una michirizi ya kahawia inayoiva vizuri ukipakwa mafuta. Utabonyea ukiangushwa sakafuni, hilo nakubali, ila hautamchana mtu.

Namba mbili mkongo. Ni mgumu na mzito kuliko mninga, na nao hutulia ukishakauka.

Mpingo nauweka wa tatu, ingawa ndio mti wa taifa letu na ndio unaotengenezewa klarineti huko Ulaya. Mafundi wa klarineti wenyewe huuweka miaka kabla ya kuuchonga. Sisi tunataka kuuza Jumamosi. Ukiununua, utumbukize kwenye ndoo: mpingo huzama. Kisha kwangua kwa ncha ya kisu, maana kuna wanaopaka miti mingine rangi nyeusi, na chini ya mkwaruzo unakuta weupe. Nta iliyopakwa kwenye vichwa viwili ni dalili njema, huzuia nyufa. Kipande kilichozungushiwa nta mwili mzima ni hadithi nyingine, unyevu umefungiwa ndani. Mbao ya cocobolo ya Amerika ya Kati inayoagizwa kwa fedha nyingi mara nyingi huja hivyo.

Mlingoti, yaani mkaratusi, hupinda, mpaini wa Mafinga ni laini mno. Basi.

Gluu ni Araldite ya tyubu mbili, wala usinishawishi nyingine. Mpingo una mafuta, upanguse kwa asetoni kwanza, tena vaa barakoa unapopiga msasa. Vumbi lake linawasha kifua.

Kinachoniuma ni bei. Ukitaja tu neno "mpingo" bei inapanda, lakini ukiuliza risiti na kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, unaonekana mgomvi. Nilipomrudia aliyeniuzia nikiwa na kile kisu, akakigeuza mara moja na kusema mti ni mti, hauna dhamana. Mbona fedha yangu aliihesabu mara mbili?

Siku hizi mizani inakaa kwenye kikapu. Wapo wauzaji wanaokataa kabisa nisipime mbele ya wateja, nao nawapita. Yule mama nilimtilia mpini wa mninga bila kumtoza kitu. Mpingo niliobaki nao ulianza na gramu 338. Leo, mwezi wa tano tangu nianze kuupima, uko 309, na wiki iliyopita ulikuwa 310.