TAHADHARI: Kuna mtu anapita na "ruzuku ya vijana", mimi kashanila

Assalaam aleikum jamani. Siku nne nimekaa na jambo hili, naona haya kulisema, lakini nasikia keshaonekana Paje, basi liwalo na liwe.

Kikaushio changu cha mwani, kile nilichokibuni cha chanja zilizofunikwa nailoni, mnakijua, sirudii. Alhamisi alikuja mtu hapa Jambiani, shati limepigwa pasi, begi la kompyuta begani, Kiswahili chake cha hapahapa. Akasema anapita kwa niaba ya mfuko wa Marekani unaotoa dola 1,000 kwa vijana wanaobuni vitu, bila masharti: si mkopo, hawataki hisa, hawataki ripoti. Hakukitazama kikaushio kwa mbali kama wageni wengine. Alipiga magoti mchangani, akatia mkono ndani kusikia joto, akahesabu chanja moja moja, akapima nailoni kwa shibiri. Kisha akaniuliza swali ambalo hata watu wa miradi hawajaniuliza: masika yakija na upepo wake, hii nailoni utaizuia na nini? Nikamweleza nusu saa nzima, naye anaandika kwa kalamu ya kijani. Adhuhuri akaenda msikitini na mjomba. Mtu kama huyo utamdhania vipi kuwa tapeli?

Na pesa za namna hiyo zipo kweli, ndiyo maana niliamini. Awesome Foundation ilianza Boston mwaka 2009: watu wanachanga kutoka mifukoni mwao, wanampa mwenye wazo dola 1,000, hawamdai kitu. Hilo nalijua zamani, na yeye alijua kuwa nalijua.

Jioni akanionyesha jina langu kwenye orodha, namba 7, "imepitishwa". Kilichobaki, shilingi 180,000 za kufungulia akaunti ya dola. Nilichukua za mama, za ule mwani aliouwahi kabla haujapigwa na mvua ukawa mweupe. Pale kwa wakala nikabonyeza namba aliyonipa, likatoka jina la mwanamke nisiyemjua. Nikamwonyesha. "Huyo mhasibu wetu," akasema, wala simu hakuitazama. Wakala akaniangalia. Nikatia namba ya siri.

Asubuhi meseji: bado 95,000 za kodi. Kupiga, hapatikani, mpaka leo.

Huyu asiachiwe! Mama anaingia baharini maji yakitoka, anarudi mgongo haunyooki, halafu mtu anakula jasho lake kwa dakika mbili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, itumike. Isiwe analala rumande siku mbili kisha tunapishana naye Darajani. Nataka azirudishe mbele ya watu walewale aliosali nao safu moja.

Mkimwona, basi: anataka ada. Pesa isiyo na masharti haina ada, ada yenyewe ndiyo sharti, na mimi sikuliona. Jina la kwenye simu si lake. Fomu sikujaza, ombi sikupeleka, nikaambiwa nimepitishwa. Namba yake nimeshaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, nanyi mkiwa nayo itumeni.

Jumatatu naenda kituoni. Kama na wewe kakula, usione haya, njoo tuongozane. Baada ya alasiri nipo pale kwenye chanja.